BARAZA: KITI CHA WAZEE WETU NA HAKI ZAKE



Baada ya kumshukuru Allah (SW) kwa kutufikisha tena kwenye mwezi huu mtukufu, na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (SAW), ningependa ndugu msomaji tuzungumze juu ya kitu ambacho twakipita kila siku tukienda msikitini na wala hatukitazami mara mbili. Nacho ni baraza. Si baraza la chifu, wala Baraza la Mawaziri. Ni ile baraza ya mawe iliyo mbele ya nyumba, ambayo babu yako alikuwa akiikalia baada ya swala ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi.

Historia tuliyosomeshwa shuleni ilikuwa ya wafalme, mikataba na vita. Hakuna mtihani uliowahi kutuuliza wazee wetu walikuwa wakikaa wapi jioni. Lakini mtu akitaka kuujua mji wa Waswahili, asianzie ngomeni. Aanzie mlangoni mwa nyumba ya mtu wa kawaida, pale nje, kwenye kile kiti cha mawe kisichoingizwa ndani usiku wala kuandikwa jina la mtu. Maoni yangu ni kwamba baraza ni ile sehemu ya nyumba ambayo mwenye nyumba amewapa watu wa njiani. Na kwa kuwa imetolewa, ina haki zake.

NENO LENYEWE

Tuanze na lugha. Waliosoma madrasa wanakijua kitenzi cha Kiarabu "baraza", maana yake kutoka nje na kujitokeza. Katika Surat al-Baqarah kimetumika pale jeshi la Talut lilipotoka kumkabili Jalut. Na ukifikiria, baraza ndivyo ilivyo: ni nyumba iliyojitokeza nje, au mtu aliyetoka nyumbani kwake kabla hajafika kokote.

Hebu tazama neno hili limesafiri kiasi gani. Kutoka kwenye baraza ya nyumba tumepata baraza la wazee, baraza la chifu, Baraza la Mawaziri na baraza la Idd. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwakusanya watu iwape amri, ilitumia neno hilo hilo. Hata gazeti la kila wiki la Kiswahili lililoanza kuchapishwa Nairobi mwaka 1939, likihaririwa na Francis Khamisi, liliitwa Baraza. Yaani waliolianzisha walijua kwamba Mswahili akisikia "baraza" anafahamu habari, mazungumzo na kuulizana. Vyote hivyo vilianzia kwenye kiti cha mawe.

SUFFA YA MADINA

Kabla ya kufika pwani yetu, tupite Madina kidogo. Katika msikiti wa Mtume (SAW) palikuwa na sehemu ya nyuma iliyoezekwa kwa makuti ya mtende, ikiitwa Suffa. Hapo walikaa masahaba maskini, waliohama wakiwa hawana nyumba wala jamaa. Waliitwa Ahlus-Suffa, watu wa Suffa. Mmoja wao alikuwa Abu Huraira (RA), ambaye leo hakuna kitabu cha hadithi kisichokuwa na jina lake. Alikaa pale na njaa yake, akasikiliza, akahifadhi.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kukaa kitako barazani ni kupoteza wakati tu, mjibu kwa adabu kwamba inategemea umekaa na nani na unasikiliza nini. Na kwa faida yako tu, lile neno "sofa" ambalo watu huliona la kizungu na la kisasa limetokana na hilo hilo neno la Kiarabu, suffa.

DAKA LA LAMU

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na moja katika sababu ni nyumba zake za mawe. Nyingi katika nyumba hizo, hasa za mtaa wa Mkomani, asili yake ni karne ya 18. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zake ni nene, na ukiingia ndani wakati wa jua kali unahisi ubaridi kama wa kisimani.

Mpangilio wa nyumba hizi una mafunzo. Nje kabisa kuna daka, yaani kijisehemu chenye paa mbele ya mlango, na huku na huku kuna viti vya mawe vinavyotazamana. Hapo ndipo mgeni wa kiume alipopokewa. Ukivuka mlango kuna tekani, ambayo imepindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Baada yake kuna kiwanda, ule uwanja wa ndani usio na paa, kisha misana, na mwisho ndani kwenyewe, kwa wenye nyumba. Nyumba inapanda heshima hatua kwa hatua. Anayetaka kushuhudia na aende ile nyumba ya Kiswahili iliyogeuzwa makumbusho pale pale Lamu.

Wazungu wengine wakiona mpangilio huu husema Waswahili walikuwa watu wa kujificha. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayetaka kujificha hajengi viti viwili vya mawe nje ya mlango wake. Wazee wetu walipatanisha mambo mawili ambayo sisi leo yanatushinda: sitara ya watu wa ndani na ukarimu kwa watu wa nje. Mgeni hakuhitaji kubisha hodi wala kupiga simu kuuliza kama nafasi ipo. Kiti kilikuwa nje kikimngoja. Na mwenye nyumba naye hakulazimika kuwasumbua walio ndani kila anapopita mtu.

Mambo hayakuwa ya nyumba za mawe pekee. Nyumba za udongo na makuti, na zile nyumba za Majengo zenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, nazo zilikuwa na baraza mbele, chini ya ukingo wa paa. Asiyekuwa na mawe alijenga kwa udongo na kuisiliba. Zanzibar nako wanasema kwamba masika yakija na njia kujaa maji, watu walipita juu ya baraza kutoka nyumba hadi nyumba bila kulowa miguu. Yaani kiti cha mtu binafsi kiligeuka kuwa njia ya wote, na hakuna aliyelalamika.

BINTI WA SULTANI NA BARAZA YA BABAKE

Wafalme nao walikuwa na baraza zao. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni, Zanzibar, mwaka 1844, alikuwa binti wa Sultani Said bin Sultan. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 akamwacha ugenini na watoto wadogo. Mwaka 1886 kilichapishwa kitabu cha kumbukumbu zake, ambacho mwanzo alikuwa akiwaandikia wanawe wapate kujua mama yao alitoka wapi.

Katika kitabu hicho anaeleza ile baraza rasmi ya babake, ambapo wanaume walikuja kusalimia, kushtaki na kushauriana. Lakini aliyoyakumbuka kwa mapenzi zaidi ni ya Mtoni: roshani kubwa ya mviringo iliyotazama bahari, ambapo jamaa walikusanyika kunywa kahawa, na babake akitembea huku na huku ameinamisha kichwa, akifikiri mambo yake. Tukumbuke kwamba Sultani Said ni mtawala aliyetajwa katika kila kitabu cha historia ya Afrika Mashariki, kwa karafuu zake na mikataba yake na biashara ya watumwa iliyoutajirisha utawala wake. Binti yake, akiwa kwenye baridi ya Ujerumani, alimkumbuka akiwa kwenye roshani na harufu ya kahawa.

Hapo nilipata funzo. Watoto hawatakumbuka cheo chako. Watakumbuka ulikuwa ukikaa wapi, na kama palikuwa na nafasi yao pembeni yako.

KAHAWA, HABARI NA ELIMU

Baraza ilikuwa na saa zake. Asubuhi ni ya mama mwenye mahamri na mbaazi za nazi. Mchana jua likiwaka ni paka peke yake anayeikalia. Baada ya Alasiri wanaanza kuja wazee mmoja mmoja, mwenye bakora na bakora yake. Muuza kahawa anapita na dele lake la shaba na jiko chini, akigonganisha vikombe, na mlio ule ndio tangazo lake. Kahawa chungu, kashata kidogo, au halua siku ya neema. Pengine panawekwa bao la kete, na wasiocheza ndio wenye kelele zaidi kuliko wachezaji.

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, babu alikuwa na redio ndogo iliyofungwa mpira ili betri zisichomoke. Jioni ikifika saa ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambayo ilianza kutangaza mwaka 1957, wote walinyamaza. Taarifa ya habari ikimalizika, ndipo habari yenyewe ilipoanza, manake kila mmoja alikuwa na tafsiri yake. Sisi watoto tulikaa chini kwenye kipande cha jamvi. Tulitumwa maji, tulitumwa dukani, na katikati ya kutumwa tukasikia mengi: nani ni ndugu yetu wa upande wa Siu, jahazi gani lilizama, nani aliyemsomesha babu Qur'ani na bakora alizokula. Hakuna aliyetuambia "leo ni somo la historia ya ukoo". Lakini mimi majina ya mababu saba nayajua, na nimeyapata pale.

Mashairi nayo yaliishi hivyo hivyo, kwa kutajwa na kusikilizwa. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, zilikaa miaka mingi midomoni na vichwani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua, kwa kushirikiana na mmishonari William Taylor, walipozikusanya na kuziandika mwishoni mwa karne ya 19. Mtu hatungi shairi la majibizano akiwa amejifungia chumbani. Lataka watu, na watu wataka mahali pa kukaa.

NA WANAWAKE JE?

Dada zetu watauliza, na wana haki ya kuuliza, kwa sababu mpaka hapa nimetaja wazee wa kiume tu. Ni kweli kwamba baraza ya nje ilikuwa zaidi ya wanaume. Wanawake walikuwa na zao: kiwanda cha ndani, dari, na kule Lamu kuna wikio, kile chumba kinachojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, hata mtu akaenda kwa jirani bila kukanyaga barabara. Mombasa kuna roshani za mbao zilizochongwa, ambapo mtu huona njia yote bila yeye kuonekana vizuri.

Lakini tusitie chumvi. Bibi yangu amekaa baraza hiyo hiyo miaka mingi, kwa saa zake. Alisuka ukili pale asubuhi wanaume wakiwa kazini. Na Ramadhan ikiingia, baraza nyingi za Mji wa Kale baada ya Alasiri hushikwa na kina mama: karai mbele, viazi, bhajia, kaimati, sambusa, na watoto wamepanga foleni na sahani. Wako waliolipa karo za watoto wao kwa karai la barazani. Historia ya baraza ikiandikwa bila wao itakuwa nusu.

HAKI ZA NJIA

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yangu. Iko hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri (RA), na imo ndani ya Bukhari na Muslim. Mtume (SAW) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Wao wakamweleza kwamba hawana budi, kwa kuwa ndipo wanapozungumza. Hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba ikiwa hawana budi kukaa, basi waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia: kuinamisha macho, kujizuia na kuudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Tazama ndugu yangu hekima iliyoko hapo. Masahaba walitoa udhuru wa kibinadamu kabisa, wa watu wanaopenda kukaa na wenzao, na ukakubaliwa. Lakini starehe ile ilipewa masharti. Na ukiyachunguza masharti hayo manne utaona ndiyo yaliyokuwa sheria ya baraza ya wazee wetu. Mwanamke akipita na mizigo, macho yaliinama na mtoto akatumwa kumpokea. Kila aliyetoa salamu alijibiwa, na akaulizwa hali ya nyumbani. Mtoto wa jirani akionekana njiani saa za chuo, aliitwa kwa jina la babake: "We mwana wa fulani, wendapi saa hizi?" Na mtoto hakuthubutu kusema "haikuhusu".

HALI YA LEO

Leo baraza ziko katika hali mbili, na zote mbili zasikitisha.

Kwanza, kuna zinazovunjwa au kufungwa. Nyumba inatengenezwa, inawekwa geti la chuma, na kiti cha nje kinaondolewa ili "watu wasikae". Nyingine zageuzwa vibanda. Hili silisemi kwa kulaumu, kwa sababu limefika kwetu pia. Babu alipofariki na mirathi kuzungumzwa, mjomba mmoja alitaka baraza yote ijengwe duka la vifaa vya simu. Hoja yake ilikuwa ya haki: nyumba yataka kutiwa chokaa, bibi ataka dawa, na kiti hakilipi kodi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na yule mzee wa nyumba ya kona, akitoka msikitini na magoti yake yale, mtamwambia akapumzike wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwisho duka lilijengwa upande mmoja, na upande wa pili ukaachwa kama ulivyo. Mpaka leo duka lalipa dawa, na mzee yule yuapumzika. Si kila nyumba ina nafasi ya kugawanya hivyo, lakini swali la bibi laweza kuulizwa katika kila nyumba.

Pili, kuna baraza ambazo zipo lakini haki zake zimekufa. Vijana tumekaa wanane, kila mmoja na simu yake, shingo zimepinda, salamu inapita hewani haina wa kuijibu. Au tumekaa na mashavu yamejaa miraa na muguka, dada zetu wakipita wanashuka upande wa pili wa njia. Hapo baraza imekuwa ile ile iliyotahadharishwa. Mawe ni yale yale. Kilichoondoka ni sharti.

Thamani yake tuliijua mwaka 2020. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhan, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa ajili ya korona, na zuio hilo likaendelea mpaka mwanzoni mwa Juni. Misikiti ilikuwa imefungwa, kafiu ilianza saa moja jioni, tarawehe tukaswali majumbani. Baada ya futari ungetazama dirishani ukaona baraza zimepangana mpaka mwisho wa njia, tupu, katika mwezi ambao kwa kawaida hupati pa kukaa. Wengine tulifahamu wakati ule kwamba nusu ya Ramadhan yetu iko nje ya mlango: kahawa baada ya tarawehe, mizaha ya wazee, kungoja wapiga daku wapite. Idd ya mwaka ule ilipita hata mikono ya wazee hatukuibusu.

TUFANYE NINI?

Sitaki kumaliza kwa kulia tu. Iko kazi ndogo ambayo kila kijana msomaji aiweza ndani ya mwezi huu.

Kwanza, jioni moja tu, acha simu mfukoni ukakae na mzee wa kwenu barazani. Muulize nani alijenga nyumba ile, na nani alikuwa akikaa pale. Kisha itoe simu hiyo hiyo umrekodi, kwa idhini yake. Mababu saba si wengi, lakini wakipotea hawapatikani kwenye intaneti.

Pili, nyumba ya kwenu ikitengenezwa, sema neno juu ya baraza. Wazee husikiliza vijana zaidi ya tunavyodhani, hasa kijana akiwa na hoja na adabu.

Tatu, ukiwa utakaa, kaa kwa masharti yake manne. Anza na jepesi kuliko yote: mtu akikutolea salamu, inua kichwa umjibu, tena umtazame ujue ni nani. Pengine ni jirani aliyefiwa wiki iliyopita, na wewe hukujua.

Baraza ni sadaka iliyojengwa kwa mawe. Waliozijenga wengi majina yao hatuyajui, na bado twakaa juu ya kheri yao kila jioni. Twamuomba Allah (SW) awarehemu, azikubali funga zetu, na atujaalie nasi tuwe watu wa kuacha nafasi kwa wapita njia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.